Funga Banio Baada ya Mavuno: Maji ya Mpunga, Umeme na Moshi

Hapa Usangu mavuno yanaelekea ukingoni, magunia yako mashineni yanasubiri kukobolewa, na maswali ninayopokea yamebadilika. Hayahusu tena mbolea wala viwavi. Wengi mnaniuliza: "Bwana shamba, sisi wa mpunga tunahusika vipi na umeme? Mbona kila mgawo ukianza tunanyooshewa kidole?"

Swali hili nimelisikia tangu nianze kazi ya ugani. Leo nitalijibu kama ninavyolijibu kwenye mikutano ya jumuiya ya watumia maji, kwa hesabu ndogo unayoweza kuirudia mwenyewe kwa kalamu. Baada ya hapo nitakupa mambo manne ya kufanya, na la kwanza ndilo kubwa kuliko yote: funga banio ukishavuna.

Maji yako yanakwenda wapi

Chukua maji ya Mbarali, Kimani, Chimala au Ndembera. Yale yasiyochukuliwa na mifereji yetu hushuka bondeni hadi ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ni kama beseni. Maji hutoka pale tu yanapopanda na kuvuka kizingiti cha mwamba kinachoitwa Ng'iriama. Kuanzia hapo Ruaha Mkuu hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwishowe huungana na Rufiji na kufika bwawa la Julius Nyerere.

Mtera ina mitambo ya megawati 80. Kidatu ina megawati 204. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, limejengwa kwa megawati 2,115 kwa mitambo tisa. Kwa hiyo tone lile lile likishuka salama linazungusha mitambo mara tatu. Mitambo hiyo hailinywi. Inaliachia liendelee na safari. Ukilipoteza huku juu, limepotea mara tatu.

Sasa kumbuka kinachotokea mabwawa yanapopungua. Mtera ikijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi mita 690, hayaruhusiwi kutumika tena kuzalisha umeme. Ni mita nane na nusu tu zinazotenganisha taa na giza. Mwaka 2006 ukame ulitufikisha huko, tukaonja mgawo mkali wa umeme. Mwaka 2011 tukaonja tena. Nyakati zote mbili pengo lilizibwa kwa mitambo ya gesi na ya mafuta. Maana yake ni kwamba mto unapopungua, moshi unaongezeka. Na wewe mwenye mpunga ulilipa pia: mwenye mashine ya kukoboa aliwasha jenereta, na gharama ya dizeli akaiweka kwenye gunia lako.

Hesabu ya jaruba moja

Fizikia ya bwawa ni rahisi. Lita 1,000 za maji zikishuka mita 100 ndani ya bomba la mtambo hutoa karibu robo ya uniti ya umeme, uniti hii hii unayonunua kwenye LUKU. Kati ya Mtera na Kidatu maji hushushwa kwenye mitambo zaidi ya mita 200 kwa jumla. Kwa hiyo lita 1,000 hutoa karibu nusu uniti, hata kabla hazijafika Rufiji.

Rudi shambani. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Sentimita moja ya maji juu ya ekari moja ni lita 40,000 na ushei. Ukipunguza jumla ya sentimita 10 katika msimu mzima, umeacha lita 400,000. Zikifika zote kwenye mitambo, ni kama uniti 190. Hazitafika zote, maana njiani kuna jua na mchanga. Tuseme nusu tu imefika: uniti 95. Uniti moja ya umeme wa gesi humwaga hewani karibu nusu kilo ya hewa ukaa. Kwa hiyo ekari yako moja imeepusha karibu kilo 47, ambazo ni sawa na moshi wa kuchoma lita 17 za dizeli.

Ekari moja ni kitu kidogo, najua. Lakini bonde hili lina maelfu ya ekari za mpunga, na sentimita 10 haziwezi kumuumiza mkulima anayejua kazi yake. Nitakuonyesha zinapatikana wapi.

Lawama igawanywe sawasawa

Kabla ya hapo, tuseme ukweli wote, maana mkulima akipewa nusu ya ukweli haaminiki tena na yeye hakuamini.

Kwanza, maji yanayojaza Mtera kwa sehemu kubwa ni ya mvua za masika, wakati mito yote imefurika. Maji machache ya kiangazi yanayobaki kwenye mifereji yetu hayawezi peke yake kuokoa Mtera. Tena Mtera haitegemei Usangu pekee. Ruaha Mdogo na Kisigo nazo zinaingia humo.

Pili, bwawa lenyewe linakunywa. Mtera ni pana na si la kina kirefu. Likijaa linatanda karibu kilomita za mraba 600, katika nchi ya jua kali. Maji yanayopaa hapo ni mengi, na hakuna mkulima aliyeyafungulia. Jinsi mabwawa yanavyofunguliwa na kufungwa nayo ina mchango wake katika upungufu.

Tatu, hakuna umeme usio na gharama ya maji, isipokuwa wa jua na wa upepo ambao unahitaji maji kidogo sana. Mtambo wa makaa ya mawe unaopozwa kwa maji huvukiza karibu lita 2 kwa kila uniti. Ndiyo maana kule Afrika Kusini kituo cha Matimba, kilichojengwa penye ukame, kilitengenezwa kipozwe kwa hewa badala ya maji. Kila nchi inakuna kichwa juu ya jambo hili, sisi hatuko peke yetu.

Lakini na upande wetu usemwe. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, mto ambao wazee wetu waliujua ukitiririka mwaka mzima. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya matope. Na Ihefu ikikauka, madhara yanaifikia Mtera kwa mlango wa nyuma: mvua zikianza, maji ya kwanza yote yanatumika kujaza beseni tupu kabla ya kuvuka Ng'iriama. Beseni likiwa nusu limejaa, maji ya mvua yanavuka mapema. Hapo ndipo maji yako ya Agosti yanapogeuka umeme wa Februari.

Ninalisema hili kwa sababu nimeona yaliyowapata jirani zetu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nilizijua familia zilizofunga mizigo. Baada ya ng'ombe kuondoka, macho yalihamia kwenye mifereji. Usitegemee kwamba utaachwa tu kwa kuwa unalisha nchi. Anayeonyesha kwamba anarudisha maji ana la kusema mezani. Asiyeonyesha, atapangiwa.

Kwa nini banio halifungwi

Sasa nikupeleke kwenye mkutano mmoja nisioweza kuusahau. Tulikuwa chini ya mwembe, wanajumuiya kama sitini. Nikaeleza kwamba mfereji ukiachwa wazi kuanzia Julai hadi Oktoba, maji yanamwagika kwenye majaruba matupu, yanaotesha magugu, yanapaa na jua. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akauliza kama tunaafikiana kufunga. Mikono ikaanza kupanda.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akasimama. Akasema: "Bwana shamba, wewe unaona mfereji wa mpunga. Mimi naona bomba la nyumbani kwangu. Ukilifunga, nitapikia nini? Nitamwogeshea nini mjukuu?"

Mikono ikashuka.

Alikuwa na haki. Katika vijiji vingi vya bonde hili mfereji ndio bomba. Watu wanachota, wanafua, wananywesha mbuzi. Ili ndoo 500 zifike kijijini kwa siku, mto mzima unaachwa utembee kilomita kadhaa kwenye udongo, na sehemu kubwa inaishia njiani. Ni kama kuegesha lori la mchanga mlangoni ili mtoto apate wa kuchezea. Lakini ukimwondolea lori bila kumpa ndoo ya mchanga, atalia, na ana sababu.

Mama yule alinibadilishia namna ya kufanya kazi. Nikaacha kuhubiri geti kabla ya kisima. Ilituchukua misimu miwili kupata kisima kirefu chenye pampu ya sola na tangi la lita 10,000 juu ya mnara. Wanajumuiya walichangia mchanga, mawe na nguvu kazi. Kila kaya huchangia kidogo kwa mwezi kwa ajili ya matengenezo, na ufunguo anashika mwanamke aliyechaguliwa na wenzake. Kiangazi cha kwanza baada ya hapo, banio lilifungwa Julai na likakaa limefungwa. Yule mama alikuwa wa kwanza kuunga mkono.

Jua linasukuma ndoo 500, na mto mzima unarudi njiani kwake. Katika miaka yangu yote ya ugani sijaona biashara nzuri kuliko hiyo.

Mambo manne ya kufanya

1. Funga banio baada ya mavuno, na lifungike kweli.
Kaeni kama jumuiya mpange tarehe, mwiandike kwenye kumbukumbu, na mchague watu wa kulinda. Geti lililooza chini linavujisha maji usiku kucha. Lizibeni kwa mifuko ya mchanga hadi mtakapopata fundi. Someni kibali chenu cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Kinaonyesha kiasi cha maji mnachoruhusiwa kuchukua, na mkiuliza ofisini kwao mtaelezwa kiasi hicho kinabadilikaje kati ya masika na kiangazi. Kama kijiji kinategemea mfereji kwa kunywa, anzeni na kisima. Kama kisima bado, fungueni kwa zamu, siku mbili kwa wiki, watu wajaze matangi na madumu. Hata hilo ni bora kuliko kuacha wazi.

2. Andaeni vitalu kwa wakati mmoja.
Skimu nyingi zina mkulima anayeanza kitalu Novemba na mwingine anayepandikiza Machi. Mfereji unalazimika kubaki na maji kwa miezi mingi ili kila mtu ahudumiwe. Mkikubaliana tarehe, juu mkaanza pamoja, kati pamoja, na chini pamoja, mfereji unafungwa wiki kadhaa mapema. Mbegu ya muda wa kati kama SARO 5 inakusaidia kumaliza mapema. Faida nyingine ni kwamba ndege na panya hawapati shamba moja la kushambulia baada ya jingine.

3. Acha jaruba likauke kidogo, kisha lijaze.
Mpunga unavumilia maji, lakini hauhitaji kuogelea. Kwenye kilimo shadidi tunapandikiza miche michanga ya siku 8 hadi 12, mche mmoja kwa shimo, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Baada ya hapo tunaloanisha na kukausha kwa kupokezana. Fanya hivi:

Kata kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 30. Toboa matundu nusu ya chini. Kizike sehemu hiyo yenye matundu kwenye jaruba, utoe udongo ndani, ubakize nusu ya juu ikichungulia. Sasa una dirisha la kuona maji yako wapi chini ya ardhi. Maji yakishuka hadi sentimita 15 chini ya udongo, fungulia na ujaze hadi sentimita 5 juu. Halafu acha tena. Usilikaushe jaruba wakati mpunga unatoa maua: anza kutunza maji wiki moja kabla ya maua hadi wiki moja baada yake. Na kumbuka magugu yataongezeka, hivyo andaa mashine ya palizi ya kusukuma kwa mkono. Ardhi isiyosawazishwa itakusumbua, kwa hiyo sawazisha vizuri unapochavanga.

Njia hii inaweza kupunguza maji ya umwagiliaji hadi asilimia 30. Ina faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Jaruba lililofurika muda wote linaozesha mabaki bila hewa na kutoa gesi ya methani, gesi inayopasha dunia joto mara nyingi zaidi ya hewa ukaa kwa kila kilo. Ukiruhusu hewa iingie kwenye udongo, methani inaweza kupungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo unapunguza gesi shambani kwako, na unapunguza tena pale mtambo wa gesi unapopumzika kwa sababu bwawa lina maji.

Angalizo: maji yanayotoka jarubani kwako kupitia mtaro wa kutolea hayajapotea yote. Mengine humfikia jirani wa chini, mengine hurudi mtoni. Kilichookolewa kweli ni kile usichokichukua kabisa mtoni. Ukiokoa asilimia 30 halafu ukaongeza ekari mbili kwa maji hayo hayo, mfuko wako utafurahi, ila mto haukupata kitu. Jumuiya ikubaliane tangu mwanzo: sehemu gani ya akiba iende kwa wenzetu wa mwisho wa mfereji, na sehemu gani ibaki mtoni. Geti la juu lipunguzwe kulingana na hesabu hiyo, la sivyo akiba itamezwa.

4. Badilisha pampu ya dizeli, lakini kwa masharti.
Kwa wewe unayelima vitunguu na nyanya kwa pampu kiangazi, pampu yako ni kituo kidogo cha kuzalisha nguvu. Kila lita ya dizeli unayochoma inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Pampu ya sola haitoi moshi, na ukishainunua jua halikudai. Usinunue betri kwa ajili ya pampu. Nunua tangi. Sukuma maji mchana jua likiwaka, yahifadhi juu, mwagilia asubuhi na jioni. Tangi ndilo betri ya mkulima: halifi baada ya miaka michache na likivuja linazibwa kwa fundi wa hapa hapa. Futa vumbi kwenye paneli mara kwa mara, na uzifunge imara, wezi wapo.

Masharti ni haya. Dizeli ilikuwa na breki yake: ikiisha, pampu inazima, na mfuko unauma. Jua halina breki. Nimeona kijana anaacha pampu ya sola ikitema maji kuanzia saa tatu hadi saa kumi kwenye bustani ya robo ekari, huku kisima cha jirani kikishuka. Kwa hiyo weka swichi ya boya kwenye tangi ili pampu ijizime likijaa. Tumia mabomba ya matone. Pima kina cha maji kisimani kwa kamba kila mwezi na uandike. Kamba ikirefuka mwaka hadi mwaka, punguza. Na kama unavuta kutoka mtoni, kibali kinahitajika hata kama pampu yako haina kelele.

La kufanya wiki hii

Usisubiri mkutano mkuu. Kesho asubuhi tembea kutoka banioni hadi mwisho wa mfereji wenu. Hesabu sehemu tatu: panapovuja, panapomwagika kwenye jaruba tupu, na panapochotwa maji ya nyumbani. Andika idadi ya kaya zinazochota. Karatasi hiyo ipeleke kwa mwenyekiti wa jumuiya na nakala kwa afisa ugani wako. Ukiwa na idadi ya kaya mkononi, ombi la kisima lina uzito, na mazungumzo ya kufunga banio yanaanza mahali pazuri.

Ukiwa na mwanamke anayejua mfereji huo, nenda naye. Ataona sehemu ambazo wewe hutaziona.

Wenye maswali kuhusu kutoboa bomba la kupimia maji au kupanga zamu, niandikieni hapa chini, mnitajie skimu yenu na ukubwa wa shamba. Nitajibu kila mmoja kadiri ninavyoweza. Makala ijayo tutaangalia namna ya kuhifadhi mpunga usipasuke mashineni.

Nawatakia kiangazi chema.